Oksijeni Moja kwa Silikoni: Kazi Inayozifaa Metali za Kawaida

Atomi ya silikoni ikishikwa na vikundi vitatu vya kaboni na haidrojeni moja, molekuli hiyo huitwa haidrosilani. Wanakemia huitaka ifanyiwe jambo linaloonekana dogo: iingizwe oksijeni moja kati ya silikoni na ile haidrojeni, ipatikane silanoli, na mmenyuko uishie hapo. Kuingiza oksijeni si kazi ngumu. Kuuzuia mmenyuko usiendelee ndiko kunakowasumbua, kwa sababu silanoli mbili zikikutana huweza kutoa molekuli ya maji na kuungana kuwa siloksani, yaani silikoni mbili zilizofungwa na oksijeni katikati. Kifungo hicho ndicho kilichoushika mchanga, kioo, na gundi ambayo mafundi huziba nayo kingo za sinki na madirisha ya alumini. Ni kifungo imara, na silikoni hukiendea kila ikipata nafasi.

Kwa miaka mingi uoksidishaji huu ulitegemea zaidi metali ghali: platinamu, paladiamu, rodiamu, iridiamu, rutheniamu, dhahabu, fedha, rheniamu. Katika miaka ya karibuni watafiti wamezidi kuonyesha kwamba chuma, manganisi, kobalti na shaba zinaweza kuifanya kazi hiyo, na sababu wanayoitanguliza kwa kawaida ni bei na wingi: metali hizi ziko tele katika ganda la dunia. Sababu hiyo ni ya kweli, ila naiona ndogo. Ninavyoelewa mimi, chuma na manganisi zinastahili kazi hii kwa kuwa ndiyo kazi zilizoizoea tangu kabla ya kuwapo mwanakemia yeyote. Wingi wake ni jambo la pili, na hesabu yake ina mikunjo mingi kuliko inavyodhaniwa.

Silanoli ina matumizi ya kweli. Mpira wa silikoni unaoganda kwa unyevunyevu wa hewa hutegemea ncha za silanoli zilizoko mwishoni mwa minyororo yake. Hizo ndizo zinazofungamana mpaka kilichokuwa uji kiwe mpira. Wanaounda molekuli mpya huzitumia silanoli kuunganishia kaboni na kaboni, mbinu ambayo Scott Denmark wa Chuo Kikuu cha Illinois ameikuza kwa miaka mingi. Upande wa dawa ndio unaonivutia zaidi. Kimeng'enya kinapoikata protini kwa maji, kaboni inayoshambuliwa hupita katika hali ya muda mfupi sana ikiwa imebeba oksijeni mbili. Kaboni haiwezi kudumu katika hali hiyo. Silikoni inaweza. Kwa hiyo silikoni yenye vikundi viwili vya OH, yaani silanedioli, inaweza kuiga ile hali ya kupita na kukiziba kimeng'enya kisifanye kazi. Mwaka 2002 kundi la Scott Sieburth nchini Marekani lilionyesha silanedioli inayozuia kimeng'enya cha ACE, kilekile kinacholengwa na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, captopril ikiwa mojawapo. Molekuli ya namna hiyo haiwezi kutengenezwa kwa njia inayoziacha silanoli ziungane ovyo.

Njia ya zamani, ambayo bado inatumika, huanza na klorosilani. Ukiitia maji, klorini hutoka na OH huingia. Lakini klorini hiyo hutoka ikiwa asidi ya haidrokloriki, na asidi ndiyo inayozisukuma silanoli ziungane. Mwenye kutaka silanoli safi hulazimika kuupooza mmenyuko, kuuzimua kwa maji na kiyeyushi kingi, na kuidhibiti asidi kila hatua. Kwa kiwanda kinachotengeneza siloksani hilo si tatizo. Siloksani ndiyo bidhaa yake. Kwa anayeitaka silanoli ni hasara tupu. Njia nyingine ilikuwa kuioksidisha haidrosilani kwa pamanganeti ya potasiamu, na hapo kila silanoli iliyopatikana iliacha nyuma matope ya kahawia ya dioksidi ya manganisi. Kwa hiyo manganisi haikuwa ngeni katika kazi hii. Ilitumiwa kama kuni, ikiteketea yenyewe ili kitu kingine kiive.

Kichocheo hubadilisha hesabu hiyo, maana chembe moja ya metali hurudia kazi mara mamia au maelfu. Ili kuona inavyowezekana, inafaa kukitazama kifungo chenyewe cha silikoni na haidrojeni. Katika kipimo cha Pauling cha uwezo wa kuvuta elektroni, kaboni ina 2.55, haidrojeni 2.20 na silikoni 1.90. Haidrojeni iliyo kwenye kaboni huelekea kunyang'anywa elektroni zake kidogo. Iliyo kwenye silikoni huelekea kuongezewa. Hiyo ya pili ina tabia ya chaji hasi. Metali nyingi ghali hutumia udhaifu huo: hukivuta kifungo cha silikoni na haidrojeni upande wao, silikoni ikabaki na njaa ya elektroni, maji yakaishambulia. Haidrojeni yenye mwelekeo hasi kutoka kwenye silani hukutana na haidrojeni yenye mwelekeo chanya kutoka kwenye maji, na gesi ya haidrojeni ikapanda juu.

Kundi la Kiyotomi Kaneda huko Osaka lilifanya kazi nzuri sana kwa njia hiyo ya maji. Mwaka 2008 walitumia chembe ndogo mno za fedha zilizotandazwa juu ya haidroksiapatiti, madini yanayofanana na yale yanayoipa mifupa yetu ugumu, wakapata silanoli kwa maji matupu bila kuishia kwenye siloksani. Baadaye walifanya vivyo hivyo kwa dhahabu. Sioni sababu ya kuidharau kazi hiyo kwa kuwa tu metali ni ghali: kichocheo kilichoshikiliwa juu ya kigumu huchujwa na kutumika tena.

Tatizo la njia ya maji liko kwenye gesi. Gramu 116 za triethilsilani, ambazo ni kama mililita 160 tu, zikimenyuka zote hutoa karibu lita 24 za haidrojeni katika joto la kawaida la chumba. Katika chupa ya maabara hilo huvumilika. Kiwandani ni jambo la uhai na kifo. Tarehe 3 Mei 2019, kiwanda cha silikoni mjini Waukegan, Illinois, kililipuka na wafanyakazi wanne wakafa. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walieleza kwamba kemikali yenye vifungo vya silikoni na haidrojeni ilichanganywa kimakosa na alkali, gesi ya haidrojeni ikajaa ndani ya jengo, kisha ikashika moto. Hapakuhitajika metali yoyote ghali, alkali ilitosha. Kwa hiyo ninaposoma pendekezo la kuzalisha haidrojeni ya nishati kwa kuchanganya silani na maji, naliona la hatari na la gharama isiyolipa, kwa kuwa silani yenyewe hutengenezwa kwa umeme mwingi kuliko nishati ya gesi itakayotoka.

Zipo njia nyingine mbili zisizotoa haidrojeni: kutumia oksijeni ya hewa, au kutumia haidrojeni peroksidi, ambayo ikishatoa oksijeni yake moja hubaki maji. Huku ndiko metali za kawaida zinakokuwa nyumbani.

Platinamu na jamaa zake hupenda kupokea na kutoa elektroni mbili mbili. Chuma, manganisi na kobalti huweza kutembea hatua ya elektroni moja moja, na huweza kushika oksijeni katika hali kali bila kuiachia hovyo. Viumbe hai walilitumia jambo hilo zamani. Katika jani la kila mti, atomi nne za manganisi pamoja na moja ya kalsiamu ndizo zinazoyavua maji elektroni na kutoa oksijeni tunayovuta. Katika ini la mwanadamu, chuma kilichokaa ndani ya vimeng'enya vya familia ya saitokromu P450 hupachika oksijeni kwenye dawa na sumu ili mwili uweze kuzitoa. Hakuna kiumbe kinachojulikana kuitumia platinamu kwa kazi hiyo.

Linganisha na kazi nyingine ya silikoni, ile ya kuiongeza silani kwenye kifungo maradufu cha kaboni. Huko platinamu imetawala tangu John Speier wa Dow Corning alipoonyesha kichocheo chake mwaka 1957, na baada yake Bruce Karstedt wa General Electric katika miaka ya 1970. Tani kadhaa za platinamu hutumika humo kila mwaka, na nyingi hubaki zimenaswa ndani ya mpira wa silikoni bila kurudi. Mwaka 2012 kundi la Paul Chirik lilionyesha katika jarida la Science kwamba chuma kinaweza kuifanya kazi hiyo kwa usahihi wa hali ya juu. Ilikuwa hatua kubwa, ila vichocheo hivyo vya mwanzo viliharibika vikiguswa na hewa au unyevu. Chuma kiliombwa kijifanye platinamu, na ilibidi kilindwe dhidi ya oksijeni na maji. Katika uoksidishaji, oksijeni na maji ndivyo vifaa vya kazi. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niweke matumaini zaidi upande huu.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwangu, ulitoka Caltech mwaka 2020. Kundi la Frances Arnold, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018, lilichukua kimeng'enya cha P450 kutoka kwa bakteria Bacillus megaterium. Kazi yake ya asili ni kuoksidisha asidi za mafuta. Walikuta kwamba hata kabla ya kukibadilisha, kiliweza kidogo kuigeuza haidrosilani kuwa silanoli, jambo ambalo hakuna bakteria aliyewahi kulihitaji. Wakaanza kukibadilisha kizazi baada ya kizazi, wakichagua kila mara kilicho bora, mpaka wakapata kimeng'enya chenye bidii kubwa kinachotumia oksijeni ya hewa. Mambo mawili yanastahili kutazamwa kwa makini. La kwanza, vifungo vya kaboni na haidrojeni vilivyokuwa katika molekuli hiyohiyo viliachwa bila kuguswa, ingawa ndivyo kimeng'enya hicho kiliumbwa kuvishambulia. La pili, siloksani haikujitokeza. Hesabu za kompyuta zilionyesha kwamba chuma chenye oksijeni hunyofoa haidrojeni kutoka kwenye silikoni, kisha hapohapo huirudishia silikoni ile OH. Yote hutokea ndani ya mfuko wa protini ambamo silanoli moja haikutani na nyingine.

Sisemi kwamba kesho viwanda vitafuga bakteria. Kimeng'enya hicho hutumia NADPH, molekuli ya kibiolojia ambayo lazima ifanywe upya kila mara, na silani nyingi haziyeyuki vizuri majini. Faida yake kwa sasa ni ya kufundisha: imeonyesha kwamba chuma na hewa vinatosha, mradi nafasi inayoizunguka metali ipangwe vizuri.

Upande wa maabara isiyo na protini, kazi ya manganisi iliyochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Xi'an nchini Uchina ndiyo ninayoiona karibu zaidi na matumizi. Walitumia haidrojeni peroksidi na kichocheo cha manganisi katika hali isiyo na asidi wala alkali. Hali hiyo ndiyo siri ya mafanikio yao, kwa kuwa asidi na alkali zote mbili huziunganisha silanoli. Haidrosilani zenye vikundi vya aina nyingi zilibadilika haraka, hata zile zilizosongamana kiasi kwamba maji hayapenyi kirahisi, na silanedioli pia zilipatikana. Ushahidi wao unaelekeza kwenye manganisi iliyobeba peroksidi, inayoikabidhi silani oksijeni kwa hatua moja, bila radikali, yaani vipande vyenye elektroni moja isiyo na mwenzake, kuzurura kwenye chombo. Mabaki ni maji. Ukikumbuka matope ya pamanganeti, unaona umbali ambao metali ileile imesafiri.

Baada ya kimeng'enya na manganisi, mbinu ya tatu ni ya radikali, na hapo kazi ya Taasisi ya Misombo ya Elementi-hai ya Nesmeyanov mjini Moscow ina umuhimu wa pekee. Mwaka 2018 Ashot Arzumanyan, Aziz Muzafarov na wenzao walieleza jinsi ya kuoksidisha siloksani zenye haidrojeni kwa oksijeni ya hewa, wakitumia kobalti au shaba pamoja na molekuli saidizi inayojulikana kwa kifupi kama NHPI, ambayo Yasutaka Ishii wa Japani aliitangaza katika uoksidishaji wa kaboni miaka ya 1990. Metali huanzisha tu. NHPI hupoteza haidrojeni yake na kuwa radikali, radikali hiyo hunyofoa haidrojeni kwenye silikoni, na silikoni iliyobaki na elektroni moja hudaka oksijeni. Kilichonivutia ni aina za vitu walivyovioksidisha: siyo molekuli ndogo za majaribio peke yake, bali minyororo, pete, matawi na polima. Mjenzi wa vifaa vya silikoni huhitaji hasa vitu hivyo, na ni vigumu kuvipata kwa klorosilani bila kuvunja mifupa ya siloksani iliyokwisha kujengwa. Kundi hilohilo limetumia kobalti na molekuli saidizi iliyo jamaa ya NHPI kuoksidisha kikundi cha methili kilicho kwenye pete ya benzini kiwe asidi ya kaboksili huku kifungo cha siloksani kikibaki salama. Hapo kuchagua kunamaanisha kuoksidisha kaboni na kuiacha silikoni, kinyume kabisa na kimeng'enya cha Caltech.

Shaba nayo haikuanza jana. Mwaka 1997 Ulrich Schubert na mwenzake walikwisha kuonyesha haidridi ya shaba ikigeuza silani kuwa silanoli. Hata kabla ya hapo, shaba ndiyo iliyouzaa ulimwengu wote wa silikoni za viwandani: mwaka 1940 Eugene Rochow wa General Electric aligundua kwamba silikoni ikipashwa moto pamoja na kloridi ya methili na shaba, kwenye nyuzi joto kama 300, hutoa methilklorosilani moja kwa moja. Nchini Ujerumani Richard Müller alifikia jambo hilohilo kivyake. Sehemu ndogo ya mazao ya mmenyuko huo huwa na kifungo cha silikoni na haidrojeni, na humo ndimo zinamotoka baadhi ya silani zinazooksidishwa leo. Metali ya kawaida imekuwa mlangoni tangu mwanzo.

Kabla ya kugusa hesabu ya wingi, kuna somo moja la rheniamu lisilopaswa kupotea, maana linaonyesha kwamba si kila mafanikio ni ya metali. Mwaka 1999 Waldemar Adam na wenzake wa Würzburg waliioksidisha silani kwa msombo wa rheniamu, na chanzo cha oksijeni kikawa peroksidi iliyofungwa na urea. Urea, ambayo wakulima wetu huijua kama mbolea, hujipanga katika fuwele zenye mifereji myembamba. Silani ikiingia mferejini na kuoksidishwa, silanoli inayopatikana haina nafasi ya kujipinda na kuungana na mwenzake. Siloksani ilizuiwa na umbo la mfereji, wala rheniamu haikuhusika na uzuiaji huo. Nikiangalia mfuko wa protini wa Caltech, mifereji ya urea, na hali isiyo na asidi ya Xi'an, naona kwamba uteuzi, yaani kuishia kwenye silanoli bila kugusa kingine, hutokana na mazingira ya metali kwa kiasi kikubwa kama unavyotokana na metali yenyewe. Basi metali ya bei nafuu katika mazingira mabaya haitatoa chochote cha maana, na watafiti wanaobadilisha metali tu huku wakiacha mengine yote kama yalivyo wanapoteza muda wao.

Sasa wingi. Chuma ni takriban asilimia 5 ya uzito wa ganda la dunia. Manganisi ni karibu asilimia 0.1. Kobalti ni kama sehemu 25 kwa milioni, na platinamu ni kama sehemu 5 kwa bilioni, yaani chuma kinaizidi platinamu takriban mara milioni kumi. Pengo la bei hufuata. Machi 2021 aunsi moja ya rodiamu ilikaribia dola 29,000, ilhali miaka mitano kabla ilikuwa chini ya dola 1,000. Kiwanda kinachotegemea metali ya namna hiyo hakiwezi kupanga bajeti. Rodiamu nyingi ya dunia hutoka Afrika Kusini, na mgomo au kukatika kwa umeme huko husikika duniani kote.

Lakini kuwapo ardhini na kupatikana sokoni ni mambo mawili. Silikoni yenyewe ni elementi ya pili kwa wingi katika ganda la dunia, takriban asilimia 28, na bado Umoja wa Ulaya uliiweka silikoni ya metali katika orodha yake ya malighafi nyeti mwaka 2014. Kuitoa oksijeni kwenye mchanga wa kwatzi huhitaji tanuri la umeme la karibu nyuzi joto 2,000 na kaboni ya kuteketeza, na tani moja hula umeme wa saa za megawati 11 hadi 13. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika Uchina. Basi silani inayooksidishwa imekwisha kubeba mzigo wa nishati na hewa ya ukaa kabla kichocheo hakijatiwa. Kuipoteza nusu ya silani hiyo kwa kuiacha iwe siloksani isiyotakiwa ni hasara kubwa kuliko bei ya miligramu chache za metali. Ndiyo maana nasisitiza uteuzi kwanza.

Kobalti ndiyo inayonipa taabu zaidi. Wanakemia huihesabu pamoja na metali za kawaida zilizo tele. Ila zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa kwenye ukanda wa Lualaba na Katanga ya Juu, karibu na Kolwezi na Likasi, ambako wachimbaji hupatana bei na wanunuzi kwa Kiswahili. Januari 2016 Amnesty International na shirika la Kongo la Afrewatch walitoa ripoti kuhusu watu wazima na watoto wanaochimba kwa mikono katika mashimo yasiyo na egemeo. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha mauzo ya kobalti nje ya nchi ili kuinua bei, na baadaye mwaka huohuo ikaweka mgao. Metali yenye historia hiyo haistahili kutangazwa kama isiyo na wasiwasi kwa sababu tu jedwali la jiolojia linasema ipo. Ni kweli kwamba kobalti ya vichocheo ni chembe ukilinganisha na ya betri, na kemia ya Moscow haitabadilisha maisha ya Kolwezi kwa wema wala kwa ubaya. Hata hivyo, mwandishi wa kitaalamu anayeandika sentensi ya kwanza kuhusu wingi ana wajibu wa kujua metali yake inachimbwa na nani. Na pale ambapo shaba inafanya kazi ileile, kama Moscow walivyoonyesha, ningependa shaba ichaguliwe, ingawa nayo kwa sehemu hutoka ukanda huohuo.

Zipo gharama nyingine zilizofichika. Haidrojeni peroksidi ya viwandani kwa kawaida hutengenezwa kwa mzunguko wa anthrakwinoni, na hatua mojawapo ya mzunguko huo mara nyingi huchochewa na paladiamu. Anayesema njia yake ya peroksidi haina metali ghali anasema kweli kuhusu chombo chake tu. Ligandi, ile molekuli ya kaboni inayoishika metali, mara nyingi hugharimu zaidi ya metali yenyewe na huchukua hatua nyingi kuitengeneza. Kuhusu sumu pia, mwaka 2016 Ksenia Egorova na Valentine Ananikov walilinganisha chumvi za nikeli, shaba, chuma, paladiamu, platinamu, rodiamu na dhahabu, wakaonya kwamba imani ya kuwa metali nyepesi ni salama na nzito ni hatari haina msingi wa kutosha. Nikeli ni mfano wa wazi.

Lipo pia suala la uchafu. Mwaka 2009 Stephen Buchwald na Carsten Bolm walichapisha onyo lililotikisa wengi: baadhi ya mimenyuko iliyodaiwa kuchochewa na kloridi ya chuma ilikuwa inategemea chembe za shaba zilizokuwa zimechanganyika nayo. Katika uoksidishaji wa silani hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa silani humenyuka kwa urahisi na metali nyingi ghali hata zikiwa chache mno, na koroga ya sumaku iliyowahi kutumika na paladiamu inaweza kubeba mabaki yake. Madai ya chuma au manganisi hayana budi kuja na majaribio ya chumvi kutoka vyanzo mbalimbali zenye usafi tofauti, na vipimo vya mabaki ya metali ghali. Bila hivyo siyakubali, hata yakivutia namna gani.

Nikipima yote, manganisi na peroksidi ndiyo njia ambayo maabara ya kawaida inaweza kuichukua leo kwa silanoli ndogo na silanedioli. Shaba na hewa, pamoja na NHPI, inafaa polima, mradi kiwanda kisimamie vizuri hatari ya oksijeni kukutana na viyeyushi vinavyowaka. Vimeng'enya vya chuma vitabaki kwa muda kwenye molekuli ghali za dawa, ambako kilo moja inalipa gharama yote.

Chuma hichohicho kimeanza pia kutazamwa kwa kazi ya kinyume, ya kuzivunja siloksani zilizosambaa. Umoja wa Ulaya umezuia siloksani ndogo za pete, zinazoitwa D4 na D5, zisizidi asilimia 0.1 katika vipodozi vya kuosha na maji tangu mwaka 2020, kwa kuwa hukaa muda mrefu katika mazingira. Kikwazo kikubwa cha kuzivunja ni kifungo cha silikoni na kaboni, ambacho hakuna kiumbe kilichojulikana kukivunja. Mwaka 2024 kundi la Arnold, likishirikiana na Dow, lilichapisha katika Science P450 iliyobadilishwa inayokivunja: huioksidisha methili iliyo kwenye silikoni mara mbili mfululizo, molekuli ikajipanga upya, na maji yakamalizia. Inafanya hivyo kwa siloksani ndogo zinazopaa hewani, za mnyororo na za pete, kwa kasi ambayo bado ni ndogo kwa maji taka ya mji.